Mishale ya Léonce

2 Septemba

Daktari ameniambia niandike. Kila Léonce akisahau jambo, niweke tarehe na jambo lenyewe, kisha baada ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe mosi Novemba, nimpelekee asome. Nimekwenda dukani kwa Bibi Mougin kununua daftari, nikakuta limebaki hili moja lenye maua ya waridi kwenye jalada, la kumfaa msichana wa shule. Haya, nitaandika. Lakini sitamwandikia mume wangu hati ya mashtaka. Nitaandika vuli yetu jinsi inavyokuja, na daktari akitaka makosa, ayachambue mwenyewe.

Jioni binti yetu Maryse amepiga simu kutoka Dijon.

"Mama, chumba kimepatikana kwenye nyumba ya wazee kule Autun. Kina dirisha la bustani. Watakishika mpaka Watakatifu Wote, wakiona kimya wanampa mtu mwingine."

"Baba yako ana msitu mzima, wewe unampa dirisha?"

"Mama, tafadhali."

"Tafadhali nini? Yeye anapanda mlima kwa baiskeli vizuri kuliko wewe unavyopanda ngazi."

Akaniaga kwa adabu. Angenifokea ningelala vizuri zaidi.

6 Septemba

Mvua. Léonce ameutia mafuta mnyororo wa baiskeli asubuhi, na akautia tena mchana.

9 Septemba

Mkutano wa klabu ya baiskeli, chumba cha nyuma cha Mkahawa wa Njia Panda, ambao zamani ulikuwa wa baba yangu. Ajenda ni ileile ya kila mwaka: Mzunguko wa Vuli, Jumapili ya pili ya Oktoba. Wageni watakuja kutoka Nevers, Dijon, hata Paris, wapite msituni kutwa nzima na kurudi kijijini jioni. Njia huibuni Léonce, kila mwaka mpya, na hakuna mgeni anayeijua mapema. Siku moja kabla, yeye hutoka peke yake na kopo la rangi ya njano na kibati alichokikata umbo la mshale, akapiga mishale barabarani kwenye kila njia panda. Wageni hufuata rangi tu. Hapa kwetu Montbrelle mtu anaweza kubishana na padri, lakini mshale wa Léonce haubishiwi.

Mwenyekiti wetu, Thibaud Goudard, fundi wa mabomba, alileta wazo lake.

"Mzee Léonce, mwaka huu tuiweke njia kwenye simu basi. Kila mtu anajiangalizia mkononi."

"Simu yako inajua mbwa mkali wa Charleux anafungwa kona ipi?"

"Haijui, mzee."

"Basi ikasome kwanza."

Watu wakacheka mpaka glasi zikagongana. Mwishowe Thibaud alikubali kuiweka njia kwenye simu yake mwenyewe, kama akiba, na mishale ibaki kwa mzee. Nilikuwa navaa koti aliponifuata mlangoni.

"Mama Odile, mzee yuko salama? Ameniita kwa jina la marehemu baba yangu, mara mbili."

"Unafanana naye. Hasa kuanzia tumboni."

Alicheka, akaenda zake. Nimedanganya bila hata kupepesa macho, na nimerudi nyumbani nimeushikilia mkono wa mume wangu kama bibi harusi.

14 Septemba

Msimu wa kuwinda umefunguliwa. Tangu alfajiri ni milio ya bunduki na mbwa. Saa nne Aimé Charleux, mkuu wa wawindaji, amekuja kwenye mlango wangu na matope yake.

"Bibie, nataka njia yenu ya mwaka huu. Sitaki kuokota watu wa Paris vichakani."

"Karibu kwanza. Buti futa."

"Na hiyo rangi yenu! Msitu huu si ukuta wa choo cha shule. Nikimkuta mtu na kopo la njano nitampiga risasi ya chumvi matakoni, nakuapia."

Huyu ndiye Aimé. Mdomo una pilipili, na hajawahi kusema neno jema juu ya baiskeli. Lakini kila mwaka huja, kwa sababu wawindaji lazima wajue tunapita wapi ili msako wa nguruwe mwitu ufanyike upande wa pili. Léonce amemwonyesha kwenye ramani: bonde, ziwa, Msalaba wa Mawe, kisha kushoto mpaka Les Vernes. Kidole chake hakikutetemeka.

"Basi mimi nitakuwa kulia, huku La Goulotte," akasema Aimé.

"Kulia," akasema Léonce. "Vizuri."

18 Septemba

Uyoga umeanza kutoka chini ya mialoni. Tumekula mayai na uyoga. Amenisifu kwa upishi, na mpishi alikuwa yeye.

21 Septemba

Amekaa bandani akijaza upepo tairi la mbele. Nilisikia pampu ikienda, ikaenda, nikajua inafaa nitoke nimzuie, lakini nilikuwa na unga mikononi. Tairi limepasuka. Amekuja jikoni mdomo wazi, ananiuliza nani amepiga bunduki karibu na nyumba.

27 Septemba

Tumetoka wawili kukagua njia. Ukungu mzito, majani yameanza kuwa mekundu, barabara imelowa.

Juu ya baiskeli Léonce hana ugonjwa. Nasema hivi ili daktari naye asikie. Miguu yake inaijua milima yote ya Morvan, vidole vinashika breki kabla jicho halijaiona kona, na kwenye mteremko wa ziwa amenipita akipiga kengele kunikejeli. Nilimpenda kama siku ya kwanza. Nikasema moyoni kwamba Maryse na daktari wamekosea, mtu wa namna hii hafungiwi chumbani.

Tukafika Msalaba wa Mawe. Hapo barabara inagawanyika. Kushoto ni Les Vernes, ambako siku ya mzunguko mimi huweka meza yangu ya kituo. Kulia ni njia ya La Goulotte, shamba la wachoma makaa alikozaliwa Léonce. Siku hizi ni kuta tupu na viwavi, hakuna aliyekaa kule tangu mama yake alipofariki.

Léonce akasimama. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe waonaje, Odile?"

Maisha yetu yote Léonce hajawahi kuniuliza njia.

"Kushoto," nikasema.

"Eeh. Kushoto bila shaka."

Akatangulia. Nikamfuata nikilia, na kwa bahati upepo ulikuwa wa mbele, ukanipa sababu ya kuwa na machozi.

4 Oktoba

Mvua.

7 Oktoba

Mvua. Maryse amepiga simu. Nimemwambia baba hajambo.

11 Oktoba

Jua! Asubuhi Léonce ameondoka na kopo la rangi, brashi, na kile kibati chake ndani ya mkoba. Nilitaka kumfuata. Nilikuwa nimekwisha kuvaa viatu. Lakini kulikuwa na mikate ya kesho, na supu, na yeye akanitazama jinsi mtu mzima anavyomtazama mtu anayetaka kumshika mkono kuvuka barabara.

"Miaka yote hii nimekwenda peke yangu, mke wangu."

Nikavua viatu.

Amerudi jua likizama, mikono ya njano mpaka kwenye viwiko, uso mchangamfu kuliko nilivyouona tangu kiangazi. "Mwaka huu nimewatengenezea njia nzuri," akasema. "Nzuri sana. Watafurahi."

12 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Nianzie pale nilipokuwa.

Nilikuwa Les Vernes, chini ya paa la bwawa la zamani la kufulia nguo, na meza yangu, sufuria ya supu ya kabichi, jibini, na muhuri. Kila mpanda baiskeli hubeba kadi, na kwenye kila kituo hugongewa muhuri kuthibitisha kwamba amepita. Muhuri wangu ni ule wa mkahawa wa baba. Ndio uliotukutanisha. Léonce kijana aliingia siku moja amelowa chapachapa, nikamgongea kadi yake. Kesho yake akarudi, eti wino haukukolea. Keshokutwa akaja tena. Baba akaniambia, huyu ama ana kadi mbovu, ama ana nia.

Basi nikasubiri. Wa kwanza huwa wanafika mapema, vijana wenye haraka zao. Hawakufika. Supu ikachemka, nikapunguza moto. Supu ikapoa, nikaongeza moto. Barabara ilikuwa tupu, na kutoka upande wa La Goulotte bunduki zilikuwa zikilia. Simu haishiki huko bondeni. Kisha nikasikia baragumu la wawindaji likipulizwa kwa muda mrefu, tena na tena, na baada yake hakuna bunduki iliyolia. Hapo ndipo nilipoogopa.

Pikapu ya Aimé Charleux ilikuja mbio ikafunga breki mbele ya meza.

"Odile! Panda gari."

"Nina wageni nawasubiri."

"Wageni wako ninao mimi! Wote wako La Goulotte, katikati ya msako wangu, wamevaa rangi kama kasuku!"

"Umempiga mtu?"

"Sijampiga mtu!" Kisha sauti ikamshuka. "Kijana wa Roux alikuwa ameshalenga. Aliona kichaka kinatikisika. Alikuwa anangoja nguruwe atoe kichwa, kikatoka kichwa cha mwalimu wa Nevers na kengele yake. Nimepuliza mpaka mapafu yanauma."

Nikapanda. Msalaba wa Mawe tulipita taratibu, nikauona mwenyewe. Mshale wa njano, safi, ulionyooka vizuri, ulielekea kulia.

La Goulotte palikuwa pamejaa watu. Walisimama uani pa shamba lile bovu, baiskeli mkononi, wawindaji wenye vizibao vya rangi ya chungwa upande mmoja na waendesha baiskeli upande mwingine. Léonce alikuwa kwenye kizingiti cha nyumba isiyo na paa. Alikuwa ametangulia kuwapokea.

"Karibuni, karibuni ndani," alikuwa akiwaambia. "Msisimame kwenye baridi. Mama anachemsha supu, sasa hivi inaiva."

Thibaud alinijia uso umempauka.

"Mama Odile, simu iliniambia kushoto. Niliisikia kabisa. Mshale ukasema kulia."

"Ukafuata mshale."

"Ni mshale wa mzee," akasema. Kwake hilo lilitosha, na kwa kila mtu pale lingetosha.

Nilikuwa nataka ardhi ipasuke. Kisha mama mmoja nisiyemjua, mgeni wa Nevers, akavua helmeti yake, akamsogelea Léonce.

"Ahsante sana, baba. Mwambie mama tumeshiba, tumekula njiani."

"Hata kikombe?"

"Siku nyingine, Mungu akipenda."

Léonce akaridhika. Hakuna aliyecheka, hata kijana wa Roux. Nilipogeuka nikamwona Aimé amevua kofia na ameishika kifuani.

"Mama yake alikuwa ananipa maziwa pale mlangoni," akaniambia polepole. "Nikitoka shule. Kwetu hayakuwepo."

Nimemjua Aimé tangu utotoni, na hilo sikulijua.

13 Oktoba

Sikutoka nje.

15 Oktoba

Maryse amekuja. Watu wamempigia simu, sijui nani, labda wote. Alisubiri baba yake alale mchana ndipo akaketi mbele yangu.

"Nani mwingine alijua?"

"Daktari. Wewe. Mimi."

"Na watu wote wale hawakujua, Mama. Ukawaacha wafuate rangi yake mpaka kwenye mitutu ya bunduki."

"Hakuna aliyeumia."

"Mficha maradhi, kilio humfichua. Ulinifundisha wewe mwenyewe."

Nilimtukana. Nilimwambia anataka kumzika baba yake akiwa hai, apate kulala vizuri Dijon. Alikwenda jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa safi, na kwa nyuma nikayaona mabega yake yakitikisika. Nilikuwa nimemwona siku zote kama mtu wa baridi. Yule si mtu wa baridi. Analia kama mimi, kwa kuwageuzia watu mgongo.

Tumekubaliana hili: baiskeli ifungiwe bandani, ufunguo ukae kwangu. Chumba cha Autun bado kipo. Watakatifu Wote atakuja na maua ya makaburi, na hapo tutaamua.

17 Oktoba

Mvua. Ufunguo uko kwenye mfuko wa aproni.

19 Oktoba

Ameitafuta baiskeli asubuhi nzima. Alitazama bandani kupitia ufa, akaiona, akaja kuniambia kwamba mwizi ameificha mle na niite polisi. Nikamwambia mwizi hayuko mbali. Akaketi kwenye ngazi ya mlango, akalia, mtu mzima, mikono juu ya magoti. Najiona kama askari wa jela.

22 Oktoba

Ameondoka.

Nilikuwa darini naanua nguo. Niliposhuka jikoni hapakuwa na mtu, na baiskeli yangu mimi, ile yenye kikapu, haikuwepo ukutani. Sikuwahi kufikiria kufunga ya kwangu. Mvua ilikuwa ya siku ya tatu mfululizo, ile inayoshuka bila kelele na isiyokoma.

Mguu wangu ulinipeleka kwa Aimé. Si kwa Thibaud, wala sikumpigia Maryse. Aimé ana mbwa, na msitu anaujua. Nilimkuta mezani, kijiko mdomoni. Nilimwambia Léonce hayupo, akakiacha kijiko kwenye sahani akachukua koti.

"Kofia yake unayo?"

Nilikuwa nimeishika mkononi njia nzima bila kujua. Mbwa wakainusa, tukapanda gari.

La Goulotte kwanza. Kwenye tope la uani kulikuwa na alama ya tairi jembamba, iliyoingia na kutoka. Alikuwa amefika, na ameshaondoka. Niliita jina lake ndani ya zile kuta mpaka sauti ikakauka. Nilifikiri juu ya ziwa. Nilifikiri juu ya kile chumba chenye dirisha, kikavu, chenye joto, na kwa mara ya kwanza nilitamani angekuwa ndani yake. Naliandika hili kwa sababu ni kweli.

Mbwa waliivuta kamba kuelekea Msalaba wa Mawe. Alikuwa pale. Amesimama katikati ya njia panda, ameishika baiskeli yangu, midomo imekuwa ya buluu, anatazama chini kwenye lami.

"Léonce!"

Hakuinua kichwa.

"Wamefuta," akasema.

"Nani amefuta, mpenzi?"

"Mishale. Mtu amefuta mishale yote. Sasa watu wanarudije nyumbani?"

Rangi ya klabu ni ya chokaa. Sheria inataka hivyo, ioshwe na mvua isibaki barabarani. Pale chini palikuwa na doa hafifu tu la njano, na maji yanapita juu yake.

"Ni mvua, Léonce."

"Ningeona mmoja tu ningefika," akasema. Alikuwa amechoka sana. "Mmoja tu."

Aimé alivua kizibao chake cha rangi ya chungwa akamvika, akamfunga vifungo kimoja kimoja. Tulipokaribia nyumbani ndipo Aimé alipokohoa.

"Bibie. Umesikia alichosema?"

"Nimesikia."

"Njia haijui tena. Lakini mshale bado anaujua."

"Anaujua."

"Basi," akasema Aimé, na akapangusa kioo kwa kiwiko.

23 Oktoba

Homa. Supu, maji ya moto, soksi za sufi.

24 Oktoba

Homa imeshuka. Ameniuliza kama mimi ni muuguzi. Nimesema ndiyo.

26 Oktoba

Jumapili. Aimé ameuvunja msako wa leo. "Nguruwe wasubiri, hawana miadi," aliwaambia wenzake. Thibaud ameleta makopo ya rangi ya njano, na si ya chokaa, ni ya mafuta, ile inayoshinda mvua.

"Sheria hairuhusu, Mama Odile," akasema.

"Watanifunga?"

"Wakikufunga nitakurekebishia mabomba ya jela."

Mama yake Thibaud akabaki na Léonce. Sisi tukaingia msituni na kile kibati chake. Tulianza La Goulotte, tukaenda ziwani, tukaenda Les Vernes, kila njia panda ambayo miguu ya Léonce inaweza kumfikisha. Na kila mshale tukauelekeza hapa. Si kijijini wala mkahawani, ni hapa, kwenye geti letu. Thibaud aliendesha, mimi nilishika kibati, Aimé alipiga magoti kwenye lami akapaka. Kazi yake ni safi, nilishangaa. Alikuwa anatoa ncha ya ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Bibie, ukimwambia mtu..."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba Charleux amechafua msitu."

"Nitasema ulikuwa unapamba choo cha shule."

Alicheka mpaka akamwaga rangi kwenye goti. Mshale wa mwisho niliupiga mwenyewe, uani, kutoka kwenye geti kuelekea mlango wa jikoni.

29 Oktoba

Ameanza kutembea uani. Ameuona mshale. Amesimama mbele yake muda mrefu, kisha akaingia ndani.

31 Oktoba

Maryse amefika na vyungu vya maua kwa ajili ya makaburi. Ameiona mishale tangu alipotoka barabara kuu, akadhani klabu ina mzunguko mwingine. Nimemweleza. Nilitegemea aniambie nimerukwa na akili.

"Mama, rangi si dawa."

"Najua si dawa."

"Na siku atakayofika bila kujua kwamba amefika?"

Nikamenya viazi. Baadaye akaja akachukua kisu kingine tukamenya pamoja, na bila kunitazama akasema, "Nataka nione kwa macho yangu. Kesho. Halafu nitawajibu Autun."

1 Novemba

Asubuhi makaburini. Léonce ameweka maua kwenye kaburi la mama yake na kuuliza ni la nani.

Mchana hakukuwa na mvua. Thibaud alimpeleka La Goulotte kwa gari, yeye na baiskeli yake mwenyewe. Nilikuwa nimeutoa ule ufunguo kwenye aproni. Tulipanga Léonce arudi peke yake, Thibaud amfuate kwa mbali asionekane, na Aimé asimame nyuma ya Msalaba wa Mawe, bila bunduki. Mimi nikaweka meza ndogo kwenye geti, na muhuri, na kisanduku cha wino. Maryse aliniuliza vya nini. Nikamwambia mtu akimaliza njia hugongewa. Yeye akasimama mlangoni, simu mkononi.

Tukasubiri. Mara mbili nilitaka kuomba gari. Maryse alinizuia, yeye, kwa mkono begani. "Mwache, Mama," akasema.

Kisha ikalia kengele.

Alitokea kwenye kona ya mwisho, mgongo umenyooka, hana haraka, anatazama barabarani mbele ya gurudumu. Alipofika getini akashuka, akaegemeza baiskeli, akavua kofia. Uso ulikuwa mwekundu kwa upepo. Alinitazama vizuri, machoni kabisa, na hakunijua.

"Habari za mchana, mama. Kituo ni hapa?"

"Ni hapa. Njia ilikuwaje?"

"Njia nzuri mno. Aliyepiga mishale hii anaijua kazi. Hukosi hata ukitaka." Akajipapasa mifuko yote. "Lakini kadi sijui nimeiangusha wapi."

"Lete mkono."

Alinyoosha mkono wa kushoto, wenye pete. Nikaubonyeza muhuri wa baba yangu mgongoni mwa kiganja chake, polepole, na machozi yangu yaliangukia mezani wala sikuyaficha. Nilijua ananitazama. Nilijua pia kwamba yule aliyekuwa akinitazama hakuwa mume wangu wa miaka yote hii, alikuwa mgeni mwenye heshima aliyefika kituoni. Iliniuma kama Maryse alivyonionya.

"Umekolea?" nikamwuliza.

Akauinua mkono kwenye mwanga, akaupeleka karibu, akaupeleka mbali. Kisha akanitazama tena, na kwenye pembe ya mdomo wake nikakiona kile kicheko chake cha ujana.

"Umekolea kidogo tu," akasema. "Itabidi nipite tena kesho."

Akaushika usukani, akauona mshale uani, akaufuata. Maryse akamfungulia mlango na kusogea pembeni taratibu ili apite. Kisha akaiweka simu sikioni. Nilimsikia akiwaambia watu wa Autun kwamba anashukuru sana, wampe chumba mtu mwingine.

Nimekifunika kisanduku cha wino vizuri kisikauke. Kesho kuna mtu atapita.